Maswali ya Wasomaji: Mtambo Ukishafika, Ujuzi Hubaki kwa Nani?

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Kilimanjaro, na zote zinauliza, kila moja kwa njia yake, habari ya teknolojia rafiki kwa mazingira: nchi tajiri ziliahidi nini, ahadi hizo zimefika wapi, na mtu mwenye friji ya kutengeneza au kahawa ya kumenya anahusikaje. Tumezifupisha barua bila kugusa kiini chake, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha jiografia katika sekondari moja ya Tengeru. Tulipokuwa tukisoma mada ya mabadiliko ya tabianchi, mwanafunzi aliniuliza iwapo nchi zilizoendelea zina wajibu wa kisheria wa kutupatia teknolojia safi, au hutusaidia kwa hisani tu. Nilimjibu kwamba ni wajibu, lakini sikuwa na kifungu cha kumwonyesha. Naomba ufafanuzi. (Mwalimu, Tengeru)

JIBU: Mwalimu, vifungu vipo, tena si kimoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, katika Ibara ya 4 kifungu cha 5, unazitaka nchi zilizoendelea zichukue hatua zote zinazowezekana ili kukuza, kurahisisha na kugharimia uhawilishaji, yaani uhamishaji, wa teknolojia na ujuzi kwa nchi nyingine, hasa zinazoendelea. Kifungu cha 7 cha ibara hiyo hiyo kinakwenda mbali zaidi, kwa kuwa kinakiri kwamba nchi zinazoendelea zitatimiza ahadi zao kwa kadiri wenzao watakavyotimiza za kwao kuhusu fedha na teknolojia. Mwaka huo huo, mjini Rio de Janeiro, Ajenda 21 ilitenga sura nzima, ya 34, kwa ajili ya jambo hili, na Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015 yakalirudia katika Ibara ya 10. Mwanafunzi wako akitaka kusoma mwenyewe, aanzie hapo.

Atakaposoma, hata hivyo, mwonyeshe pia maneno yaliyopachikwa pembeni mwa ahadi hizo. Teknolojia itatolewa "kadiri inavyofaa", na kwa masharti nafuu "yatakayokubaliwa na pande zote". Hakuna kiasi kilichotajwa, hakuna tarehe ya mwisho, wala hakuna adhabu kwa atakayekaa kimya. Tena serikali iliyotia saini mara nyingi si mwenye mali, kwa sababu mitambo, michoro na siri za uzalishaji ziko mikononi mwa kampuni, na kampuni haikutia saini mkataba wowote. Serikali inaweza kuipa ruzuku au nafuu ya kodi ili ikubali kushirikiana na wengine, lakini ni nadra kuilazimisha. Kwa hiyo mimi ningemjibu kijana hivi: wajibu upo kwenye karatasi ya sheria, ila uliandikwa kwa namna ambayo anayedaiwa ndiye anayejipangia siku ya kulipa.

Mgogoro huu ni wa zamani kuliko Rio, na sehemu ya historia yake ilifanyika hapo hapo mjini kwenu. Mwezi Februari 1979 mawaziri wa Kundi la 77, umoja wa nchi zinazoendelea, walikutana Arusha kujiandaa kwa mkutano wa Manila wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, na Mwalimu Nyerere aliwahutubia kuhusu haja ya nchi maskini kudai kwa umoja kama wafanyakazi wanavyodai kupitia chama chao. Miongoni mwa yaliyokuwa mezani miaka ile ni kanuni za kimataifa za uhawilishaji wa teknolojia, ambazo zingezuia masharti ya kuonea katika mikataba ya leseni. Mazungumzo ya kanuni hizo yaliendelea hadi mwaka 1985, yakakwama, na hayakufufuka. Miaka 12 baadaye, huko Kyoto, ni Mtanzania, Profesa Mark Mwandosya, aliyeliongoza Kundi la 77 na China katika majadiliano ya tabianchi. Wanafunzi wa Tengeru wana haki ya kujua kwamba nchi yao haikuwa mtazamaji katika habari hii.

Hatua iliyozaa vyombo vya kudumu ilichukuliwa Cancún mwaka 2010, palipoundwa Mfumo wa Teknolojia wenye mikono miwili: Kamati Tendaji ya Teknolojia, inayoshughulika na sera, na Kituo na Mtandao wa Teknolojia ya Tabianchi, unaofahamika kwa kifupi chake CTCN, wenye makao Copenhagen. Hicho cha pili kimeulizwa na msomaji mwingine hapa chini.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, karakana yangu iko jirani na soko la Mbuyuni, Moshi. Tunaambiwa gesi ya R-22 inaondolewa na kwamba baadhi ya mashine mpya zinatumia propani, ambayo inawaka. Wakati huo huo friji za mtumba kutoka Ulaya zinaendelea kushushwa. Je, huu ndio ushirikiano wa teknolojia? Na mashine ya kunyonya gesi ninayotakiwa kuwa nayo, nani ailipie? (Fundi, Moshi)

JIBU: Marahaba, fundi. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja, na inafaa tuyatenganishe, kwa sababu moja kati yake ni ushirikiano wa kweli na jingine ni biashara tupu.

Habari ya gesi inatokana na Itifaki ya Montreal ya Septemba 1987, iliyolenga kuondoa kemikali zinazotoboa tabaka la ozoni. Mwanzoni nchi nyingi zinazoendelea zilisita. China na India zilikataa kujiunga hadi iwekwe wazi nani atagharimia mabadiliko, na hoja yao ilikuwa na nguvu: waliotoboa tabaka hilo kwa miongo kadhaa hawakuwa wao. Mwaka 1990, katika mkutano wa London, itifaki ikarekebishwa na Mfuko wa Pamoja ukakubaliwa, nao ulianza kazi mwaka 1991. Mfuko huo hulipa gharama za nyongeza, yaani tofauti kati ya gharama ambazo kiwanda au nchi ingezibeba kwa kawaida na zile zinazoletwa na kuacha kemikali chafu. Kamati inayouongoza ina wajumbe 14, saba wa nchi zilizoendelea na saba wa nchi zinazoendelea, na uamuzi ukipigiwa kura haupiti bila wengi wa kila upande. Leo itifaki hiyo imeridhiwa na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa.

Naitaja mipango hii ya ndani kwa makusudi. Watu husifu Itifaki ya Montreal kana kwamba ilifaulu kwa sababu ya moyo mwema wa waliotia saini, ilhali moyo mwema ulikuwapo pia Rio na haukufika mbali. Montreal palikuwa na ratiba yenye tarehe, mfuko wenye fedha zake, na kura ambayo tajiri hawezi kuishinda peke yake. Yakikosekana matatu hayo, ahadi ya teknolojia hubaki hotuba.

Sasa R-22 yenyewe, ambayo ni mojawapo ya kemikali hizo zinazodhuru ozoni. Nchi zinazoendelea zilipewa muda mrefu kuliko wenzao: matumizi yaligandishwa mwaka 2013, yakatakiwa kupungua kwa asilimia 10 ifikapo 2015, asilimia 35 ifikapo 2020 na asilimia 67.5 ifikapo 2025, na mwaka 2030 itabaki akiba ndogo tu ya kuhudumia mashine za zamani, nayo hadi 2040. Kwa hiyo gesi hiyo haitatoweka kesho dukani, ila itazidi kuadimika na kupanda bei, na fundi anayemshauri mteja leo anunue kiyoyozi cha R-22 anamtengenezea deni.

Una haki ya kulalamika kuhusu jambo moja ambalo hukulisema waziwazi. Mafundi wa rika lako walifundishwa kuhamia R-134a, wakiambiwa ndiyo gesi salama. Kwa ozoni ni salama kweli, lakini ikitoroka hewani huongeza joto la dunia mara 1,400 hivi kuliko hewa ya ukaa yenye uzito ule ule. Ndiyo maana mwaka 2016 yakafanyika Marekebisho ya Kigali, yaliyoanza kutumika Januari 2019, ili gesi za kundi hilo nazo zipunguzwe hatua kwa hatua. Walioziuza kama suluhisho ndio walewale waliokuwa na hataza zake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasizitengeneze, na katika miaka ya 1990 kampuni za India zilizotaka kujifunza kuzitengeneza zilitajiwa bei kubwa mno au kuwekewa masharti ya kutouza nje. Propani, inayojulikana kwenu kama R-290, na isobutani, R-600a, hazimilikiwi na mtu, hazidhuru ozoni, na joto zinaloongeza ni dogo sana. Kasoro yake ni hiyo uliyoitaja: zinawaka.

Zinawaka, lakini hazikukusudiwa kutumika kiholela. Friji ya nyumbani ya R-600a hubeba gesi kidogo, na kikomo kilichozoeleka kwa miaka mingi ni gramu 150. Hatari kubwa haiko kwenye friji iliyoundwa kwa gesi hiyo. Iko kwa fundi anayechaji propani ndani ya mashine iliyoundwa kwa R-22, ambayo swichi na rilei zake hutoa cheche na haikukadiriwa kwa gesi inayowaka. Usifanye hivyo hata mteja akikubembeleza. Kabla ya kuchomelea bomba, toa gesi yote, pitisha naitrojeni, fungua madirisha, na moto wowote, pamoja na jiko la mama ntilie wa mlango wa pili, uwe mbali.

Kuhusu mashine ya kunyonya gesi, fedha za Mfuko haziji kwa karakana moja moja. Hupitia mashirika ya kimataifa kama UNEP, UNIDO, UNDP na Benki ya Dunia, na kwa upande wetu uratibu uko Ofisi ya Makamu wa Rais inayoshughulikia mazingira. Kwa kawaida vifaa na mafunzo huelekezwa kwenye vyuo vya ufundi na vyama vya mafundi. Fundi aliye peke yake hana mlango wa kubisha. Mafundi kumi wenye chama kilichosajiliwa wanao, na wanaweza pia kununua mashine moja ya kuazimana. Anzeni kwa kuuliza chuo cha ufundi cha VETA hapo Moshi.

Friji za mtumba si sehemu ya ushirikiano wowote. Anayeiondoa Ulaya anakwepa gharama ya kuiteketeza kwa utaratibu, anayeiuza Mbuyuni anapata faida, na anayeinunua analipa tofauti kila anaponunua umeme, kwa kuwa kompresa chakavu hula umeme mwingi. Mkataba wa Basel unadhibiti usafirishaji wa taka hatari, na tangu Januari 2025 taka zote za umeme na elektroniki haziruhusiwi kusafirishwa bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali kwanza. Ila friji inayowaka taa ikiwa bandarini huhesabika kuwa bidhaa, hata kama itakufa baada ya miezi mitatu. Mwanya uko hapo, na kuuziba ni kazi ya ukaguzi wetu wenyewe.

SWALI: Nasikia kituo cha Copenhagen kinatoa fedha kwa wabunifu wa teknolojia safi. Nina wazo la kukausha mboga kwa jua. Niwaandikieje? (Mjasiriamali, Sakina)

JIBU: Hakitoi fedha mkononi. CTCN humlipia mtaalamu aje kufanya upembuzi, mafunzo au usanifu, na ombi hupitia taasisi iliyoteuliwa na nchi, ambayo kwetu ni Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Wazo la mtu mmoja huwa na nafasi zaidi likiletwa na kikundi, halmashauri au chuo.

SWALI: Ndugu Mhariri, chama chetu cha msingi kilifadhiliwa mashine ya kumenyea kahawa inayotumia maji machache, iliyotengenezwa Amerika ya Kusini. Tuliifurahia misimu miwili. Ulipoharibika mpira mmoja na gia, tukasubiri kipuri mpaka msimu ukaisha, na wanachama wakarudi kwenye mashine za mkono na kumwaga maji machafu kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, kama zamani. Sasa mfadhili mwingine amekuja na mashine nyingine. Tudai nini kabla ya kusaini? (Katibu wa chama cha msingi, Machame)

JIBU: Ndugu Katibu, mmepewa mashine nzuri yenye asili nzuri. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Colombia, Cenicafé, ndicho kilichoendeleza katika miaka ya 1990 namna ya kumenya na kuondoa utelezi wa kahawa kwa mashine, bila kuilaza kwenye matangi. Njia ya zamani iliweza kutumia hadi lita 40 za maji kwa kila kilo ya kahawa ya maganda. Hii mpya hutumia takribani lita moja. Kwa mkulima ambaye jirani yake wa chini anakunywa maji ya mfereji ule ule, tofauti hiyo ni kubwa. Tena ni ujuzi uliotoka nchi inayoendelea kwenda nchi inayoendelea, kwa wakulima wenye mashamba madogo ya mlimani kama yenu, wala haukuhitaji kupitia Ulaya kwanza.

Kilichowaangusha ni kwamba mlipokea chuma bila ujuzi wake. Kabla ya kusaini safari hii, ulizeni michoro. Msikubali kijitabu cha maelekezo peke yake. Daini michoro ya vipuri vinavyochakaa, yenye vipimo na aina ya chuma au mpira, pamoja na ruhusa ya maandishi ya kuvichongesha nchini. Mfadhili mwenye nia njema hatapinga, na atakayepinga amewaambia jambo la maana mapema. Gia si kitu cha kuagiza ng'ambo kwa mkoa wenye karakana zenu. Hapo Hai kipo kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa kwa ushirikiano na Bulgaria ili kitengeneze mashine zinazotengeneza mashine nyingine, na Arusha ipo TEMDO, taasisi ya serikali ya usanifu wa mitambo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nayo iko Moshi. Huwa nashangaa tunavyoandika barua ya kuomba kipuri kwa wageni kabla hatujavuka barabara kuuliza.

Daini pia vipuri vya misimu miwili viwe sehemu ya msaada, na mafunzo yatolewe kwa watu wasiopungua watatu, mmoja wao akiwa mtu asiyetarajiwa kuhama, kwa sababu kijana aliyefunzwa vizuri huajiriwa mjini mwaka unaofuata na hatuwezi kumlaumu. Majaribio ya kupokea mashine yafanyike katikati ya msimu, kahawa ikiwa nyingi na umeme ukiwa na matatizo yake ya kawaida, wala si siku ya sherehe ambapo ndoo tatu humenywa mbele ya mgeni rasmi. Mwisho, wekeni makato madogo kwa kila kilo yaingie kwenye akaunti ya matengenezo ambayo bodi haiwezi kuigusa kwa jambo jingine. Hili la mwisho wanachama watalinung'unikia; litetee.

SWALI: Kila mara nasoma kwamba misaada ya teknolojia inashindwa. Je, upo hata mfano mmoja ulioshika mizizi hapa kwetu? (Msomaji, Usa River)

JIBU: Upo, na umechimbiwa chini ya ardhi katika nyua nyingi za Arumeru. Mtambo wa biogesi wenye kuba la matofali una asili yake China, na India ilikuwa na aina zake. Mwaka 1983 shirika la ufundi la Ujerumani, wakati huo GTZ, lilianza kushirikiana na CAMARTEC ya Arusha, taasisi ya serikali ya zana za kilimo na teknolojia vijijini iliyoundwa miaka miwili kabla, kuueneza kwa wafugaji wenye ng'ombe wa zizini. Ugonjwa wa makuba hayo ulikuwa nyufa: ufa ulianzia chini, ukapanda, gesi ikavuja, na mwenye mtambo akarudi kwenye kuni.

Arusha haikuishia kunakili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mafundi na wahandisi wa pande zote mbili walibuni kuba lenye umbo la nusu tufe, lililokaa juu ya pete ya msingi, na ndani ya ukuta wake wakaweka kwa makusudi pete dhaifu ya saruji hafifu, na juu yake pete imara. Ufa ukitokea chini, huishia kwenye pete dhaifu, na sehemu ya juu inayohifadhi gesi hubaki nzima. Usanifu huo unaitwa CAMARTEC hata katika vitabu vya Wajerumani, na aina zilizotokana nao zimejengwa Kenya na Uganda. Mwaka 2009 mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani, ukisaidiwa na Waholanzi, uliukuta ujuzi huo tayari mikononi mwa waashi wa hapa.

Sisemi kwamba kila mtambo unafanya kazi. Mingi imelala, kwa sababu ng'ombe waliuzwa, au kijana aliyekoroga kinyesi kila asubuhi aliondoka, au maji yalikuwa mbali. Hata hivyo mwashi wa Arumeru anaujua mtambo kiasi cha kuuharibu na kuutengeneza, na ndicho kipimo ninachokitumia mimi ninapoulizwa kama teknolojia imehamia.

SWALI: Mhariri, maji yetu Maji ya Chai yana madini ya floraidi na watoto wetu meno yamebadilika rangi. Miaka ya nyuma walikuja na dawa ya Kihindi ya kuchanganya kwenye ndoo, wengine wakaja na mkaa wa mifupa, na sasa tunasikia kichujio cha teknolojia ndogo mno. Kwa nini wanabadilisha kila siku? Kuchemsha hakutoshi? (Mama wa watoto wanne, Maji ya Chai)

JIBU: Mama, nianze na la mwisho kwa sababu linahusu sufuria ya leo: kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Chemsha kwa ajili ya kuhara, ila usitegemee hilo kwa meno na mifupa. Kama mnaweza kuvuna maji ya mvua, yatumieni kwanza kwa kunywa na kupikia watoto wadogo, ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi.

Ile dawa ya ndoo inaitwa mbinu ya Nalgonda, kwa jina la wilaya ya India iliyokuwa na tatizo kama lenu. Hutumia shabu na chokaa, ambavyo hushikana na floraidi na kuzama. Ilijaribiwa Ngurdoto kwa ushirikiano na Wadenmaki, na ni mbinu nzuri pale ambapo floraidi si nyingi mno. Kwenye miteremko ya Meru, penye miamba ya volkano, floraidi hupanda sana, shabu inayohitajika huwa nyingi, ladha hubadilika, na tope linalobaki chini ya ndoo linatakiwa kutupwa mahali fulani. Mkaa wa mifupa ulifaa zaidi kwa sababu mifupa ya ng'ombe ipo machinjioni na kituo cha Ngurdoto kilijifunza kuichoma kwa hewa kidogo. Ikichomwa vibaya, maji hunuka na hakuna atakayeyanywa. Nao huchoka, ukahitaji kubadilishwa, na wako waumini wasiopenda maji yapite kwenye mfupa usiojulikana ni wa mnyama gani.

Kichujio unachokisikia huenda ni kile cha Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapo jirani yenu Tengeru, kilichoshinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Msingi wake ni kuchanganya mchanga na chembe ndogo mno zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Ndiyo maana mambo hubadilika: maji ya Maji ya Chai si maji ya Nalgonda, na kila kinachotoka kwingine lazima kipimwe upya kwenye kisima chenu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, ilhali sisi kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4. Yeyote atakayewaletea kichujio, mwombeni karatasi ya vipimo vya maji yenu kabla na baada ya kuchuja, na vipimo virudiwe baada ya miezi sita, kwa kuwa kichujio kipya karibu wakati wote hufaulu.

SWALI: Kaka Mhariri, mimi nachomelea vyuma Unga Limited. Nimeona kwenye simu jiko la pumba la kutoka Asia, halitoi moshi. Naweza kulitengeneza na kuuza, au nitashtakiwa kwa hataza? (Kijana fundi, Arusha)

JIBU: Mdogo wangu, hataza ina mipaka ya nchi. Uvumbuzi uliosajiliwa China, India au Marekani peke yake haumfungi fundi wa Arusha. Unamfunga kama umesajiliwa Tanzania Bara kupitia BRELA, wakala wa serikali wa usajili, au kupitia shirika la haki miliki la kanda, ARIPO, lenye makao Harare, na Tanzania ikatajwa katika usajili huo. Tena hataza hudumu hadi miaka 20 tangu siku ya maombi, ikiwa ada zimelipwa. Baada ya hapo ni mali ya kila mtu. Majiko mengi ya aina hiyo ni ya zamani kuliko wewe. Nenda BRELA uulize, au tafuta mwenyewe katika hifadhi ya hataza ya WIPO, shirika la haki miliki la Umoja wa Mataifa, ambayo iko wazi bila malipo.

Utasikia watu wakisema kwamba nchi kama yetu zimesamehewa kabisa masharti ya TRIPS, yaani makubaliano ya haki miliki ya Shirika la Biashara Duniani. Ni kweli kwamba nchi zenye maendeleo duni zimeongezewa muda hadi Julai 1, 2034, na kwamba Ibara ya 66 inazitaka nchi zilizoendelea zizivutie kampuni zao zituhawilishie teknolojia. Lakini sisi tuna sheria yetu ya hataza, na mahakama itasoma hiyo. Usitegemee msamaha ambao bunge letu halijautumia.

Kusema kweli, sidhani hataza ndiyo itakayokukwamisha. Hati ya hataza itakuonyesha umbo la jiko na njia ya hewa. Haitakuambia bati la unene gani halipindi baada ya miezi miwili ya moto, wala udongo upi wa kufinyangia kifuko cha ndani usiopasuka. Jiko la mkaa lenye kifuko cha udongo, ambalo Wakenya walilibadili miaka ya 1980 kutoka jiko la ndoo la Thailand, lilihitaji majaribio mengi ya udongo na umbo kabla halijaenea Afrika Mashariki. Tengeneza la kwanza, mpe mama anayepika kila siku, lirudishe uone limeungua wapi, kisha lipeleke CAMARTEC wakupimie moshi na matumizi ya pumba. Wakati huu, serikali inapotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, karatasi ya vipimo itakufungulia zabuni za shule ambazo bei nafuu peke yake haiwezi kuzifungua.

Tahadhari mbili tu. Usibandike jina wala nembo ya lile jiko la Asia, kwa kuwa alama ya biashara ni jambo jingine na haiishi baada ya miaka 20 maadamu inahuishwa. Na ukipata mteja wa Nairobi, ulizia upya hataza kabla ya kupakia mzigo, kwa sababu Namanga ukivuka, sheria inayokuhusu ni ya Kenya.